Ndoo Tatu za Mama Kwenye Balkoni

Yaya Faustin, kaka yangu mkubwa,

Nakuandikia kwa sababu simu zangu hupokei, na siku ukipokea utaanza na "Bwana asifiwe" nami nitakata. Wewe uko Kensington, mimi nimebaki Berea kwenye fleti ile ile, Johannesburg hii hii moja. Mtu mwenye miguu mizima anaweza kutembea kutoka kwako mpaka kwangu, kwa hiyo tusisingizie umbali. Naiandika wazi, na asome atakayesoma.

Nianze na mazuri, maana yalikuwepo. Unakumbuka Mama alivyolala siku ile jirani wa ghorofa ya chini alipotupatia mafuta kidogo ya bangi yake? Kansa ilikuwa imeshaingia kwenye mifupa, na dawa ya hospitali ilikuwa ikimtapisha. Siku hiyo alilala mchana kutwa, mdomo wazi, akikoroma. Tulisimama mlangoni tukimsikiliza kama watu wanaosikiliza kwaya. Jirani akatueleza kwamba sheria ya hapa inamruhusu mtu mzima kuotesha ya kwake nyumbani. Akakupa miche mitatu, ukaipanda kwenye ndoo za rangi.

Sikuwahi kukuona na bidii kama ile. Uliondoa nguo zako zote kwenye kabati kubwa, ukafunga taa juu, ukaziba kila ufa kwa utepe wa gundi. Mimea ilipofika magotini ukanifundisha hesabu yake: saa kumi na mbili za mwanga, saa kumi na mbili za giza, na giza lisivunjwe hata kwa tochi ya simu, la sivyo maua hayatafunga vizuri. Ukaamua taa iwake saa kumi na mbili jioni mpaka asubuhi, ili saa za baridi kali ziikute mimea ikiota joto la taa. Ndoo ukaziinua juu ya mbao kwa sababu sakafu ya saruji ilikuwa barafu. Hata maji ya kumwagilia ulikuwa unayaacha jikoni kwanza yapungue ubaridi wa bomba. Siku moja nilitaka kutoa koti langu humo mchana, ukapiga kelele: "Furaha, usifungule! Iko mu usingizi!" Mama alicheka kitandani mpaka akashika mbavu. Nilikupenda sana, Yaya. Nakwambia hivyo ili ujue nilichopoteza.

Halafu ukachaguliwa shemasi.

Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wageni wetu walikuja kila Jumanne na kila Ijumaa, saa kumi na moja jioni, Pasteur, mchungaji wenu, na wamama wa kikundi cha maombi, kumwombea Mama. Na wewe ukaona haya. Shemasi na bangi kabatini! Basi kabla hawajafika ulikuwa unazitoa ndoo giza la mimea likiwa halijaisha, unaziweka balkoni, unazifunika blanketi, unafungua madirisha yote harufu itoke. Mwezi wa saba, Yaya, Johannesburg! Mgonjwa alikuwa anatetemeka ili pua ya Pasteur isisumbuke. Zilirudi ndani saa mbili au saa tatu, wageni wakishaondoka. Nilikwambia mimea imeanza kudumaa na majani yamekuwa ya zambarau. Ukanijibu kwamba Mungu anajua moyo wako. Moyo wako anaujua, sawa, lakini aliyekuwa anaugua ni Mama.

Ijumaa ile ya mwisho mimi nilikuwa zamu, nalinda ofisi za watu Randburg. Zilikuwa zimebaki kama wiki mbili tuvune. Maombi yakaisha, ukawasindikiza wageni kama tulivyolelewa. Mgeni haachwi mlangoni, hilo nalijua. Lakini wewe ulimsindikiza Pasteur hadi kwenye gari, ukaingia garini, ukafika naye kwake, ukala ugali wake wa fufu, na kwa kuwa barabara si salama ukalala hukohuko. Niliporudi asubuhi nikakuta maji yameganda kwenye visahani chini ya ndoo. Majani yalikuwa yamelala, meusi, kama mboga ya lengalenga iliyochemshwa. Maua uliyoyalea miezi mitatu yakawa uji mkononi mwangu.

Ulifika saa nne ukasema, "Eish, nilisahau. Ilikuwa lazima nimusindikize."

Mama alikuona ukizitoa. Alinieleza mwenyewe. Alikwambia, "Faustin, inje kuko baridi," na wewe ukamjibu, "Mama, tulia, Pasteur anakuya." Kisha akanishika mkono akaniambia: "Usimugombeze. Ni haya ilimushika." Nikanyamaza kwa ajili yake. Jirani alikuwa ameshahama, na hatukuwa na pengine pa kupata. Wiki tano zilizobaki Mama alizimaliza akiuma kona ya shuka. Kila aliponiuliza kama majani ya Faustin yamekuwa tayari, nilimwambia bado kidogo. Alikuwa anajikaza akisubiri kitu ambacho nilikuwa nimeshakitupa kwenye pipa la taka. Na wewe kwenye mazishi ukasimama na kushuhudia kwamba Mama aliondoka kwa amani. Hukuwepo chumbani, Yaya. Mimi nilikuwepo.

Ningekaa na hasira zangu kimya. Lakini Jumapili Pasteur alinipitia kunipa pole, na mimi, kwa uchungu, nikamweleza kila kitu, ndoo, blanketi, madirisha. Nilitaka ashtuke. Hakushtuka, akasema:

"Binti yangu, ile arufu niliisikia tangu siku ya kwanza. Hata mama yangu kule kwetu Kongo, Uvira, alikuwa anapakaa yake mu magoti. Nilikuwa nangoja Faustin aniambie, nimuombe kidogo ya bibi yangu wa ndoa. Mugongo inamutesa."

Hakuna aliyekuwa anakutazama vibaya, Yaya. Hakuna hata mmoja. Mama aliteseka wiki tano kwa sababu ya hukumu uliyoitunga peke yako kichwani.

Usinijibu kwa mstari wa Biblia. Ukiwa na neno lako mwenyewe, mlango unaujua.

Mdogo wako wa tumbo moja,
Furaha