Breki za Safari ya Oulu

Venla mwanangu,

Supu ya samaki iko jikoni, ipashe moto. Mtoe mbwa kabla hajachafua zulia.

Asubuhi nilikufokea kwa ajili ya gari langu ulilolipeleka gereji jana: “Yuro mia nne kwa sevisi? Umeibiwa, we mtoto!” Ukaondoka hata kahawa hukunywa.

Nikampigia fundi nimkaripie. Akanijibu taratibu kwamba sevisi yenyewe, oili na vichungi, ni mia mbili tu. Iliyobaki ni ya breki za mbele, zilikuwa zimelika hadi chuma. “Binti yako alisema, baba anaendesha kwenye barafu kila wiki, weka mpya.”

Nimeona aibu. ~~Nusu ya pesa~~ Pesa yako yote uliyomlipa fundi iko chini ya kopo la sukari.

Sasa naelekea Oulu. Nikikupigia, pokea, tafadhali.

Baba