Bibi, Senene Wameanguka

Bibi,

Senene wameanguka. Nimeamka alfajiri nikawakuta wametapakaa kwenye nyasi nyuma ya jiko, hadi kwenye migomba ulipolazwa, nikajikuta nakuita uje na ndoo. Ndipo nikakumbuka. Basi nimekaa kwenye kigoda chako nikuandikie. Unanijua, mbele ya watu mdomo wangu hujifunga.

Unakumbuka msimu wetu wa mwisho? Maisha yako yote uliwaokota, ukawanyonyoa mabawa, ukawakaanga, ukampelekea Babu sahani, kisha ukarudi jikoni kula ndizi na maharage. Kwa mwanamke kula senene kulikuwa mwiko, ndivyo mama yako alivyokufundisha. Siku ile nilikusogezea bakuli langu nikasema, "Bibi, onja tu." Ukachungulia mlangoni kana kwamba Babu angefufuka. Ukatafuna mmoja taratibu, umefumba macho.

"Kumbe ndicho walichotuficha!"

Ulicheka mpaka ukashika mbavu. Kisha ukamaliza bakuli lote. Hukuniachia hata mmoja!

Ndiyo maana nilipokueleza habari za Hisabati ya Ziada ulielewa upesi kuliko wote. Mwalimu alifungua darasa hilo jioni, baada ya vipindi, akasema mlango uko wazi kwa yeyote. Lakini jioni sisi wasichana tunakwenda chemchemi, tunamenya ndizi, na wanaotoka upande wa Ngenge wana safari ndefu. Wakabaki wavulana. Baada ya muda ikasemwa kwamba wasichana hatupendi hesabu. Na mimi nilitaka kusoma mchepuo wa hesabu kidato cha tano kuliko nilivyotaka kitu chochote. Binamu Koku, kule Kibeta, shuleni kwao somo hilo limo kwenye ratiba, asubuhi, kwa kila anayelitaka.

Ulivaa kitenge chako cha kanisani ukaenda kwenye kikao cha wazazi. Mimi nilikuwa dirishani.

"Waitu, mwalimu wetu, mtu ana ndoo kichwani, huo mlango wazi unamsaidia nini?"

Watu walicheka. Mwalimu naye alicheka, akasema ataliangalia. Hakuliangalia. Halafu ukaugua, na kabla mvua hazijaisha ukaondoka. Bibi, hata hukuaga vizuri.

Niliporudi shuleni baada ya msiba, mwalimu aliuliza darasani, "Hivi nyie wasichana, hesabu zimewakosea nini?" Nikajikuta nimesimama. Sauti ilitoka ndogo, wavulana wa nyuma wakanitania, "Ongeza sauti, sista!" Nikasema habari ya ndoo, kama ulivyoisema. Nikaongeza, "Somo likiwekwa asubuhi, tutakuja."

Mwalimu aliniuliza nani kanifundisha maneno hayo.

"Bibi."

Akakukumbuka. Hakucheka safari hii.

Sasa somo limo kwenye ratiba, kabla ya mapumziko ya chai. Wasichana tumejaa madawati ya mbele, hata wale wa Ngenge. Siku ya kwanza mwalimu aliandika ubaoni swali refu, limejaa herufi. Tukalifungua kidogo kidogo, kama unavyomenya ndizi, na ndani palikuwa na kitu chepesi, kizuri ajabu. Nikasema, nikidhani nanong'ona, "Kumbe ndicho walichotuficha!"

Darasa zima liligeuka kunitazama. Sikuona aibu. Haya, niliona kidogo.

Leo nimekaanga senene kwenye kikaango chako, nikaweka sahani katikati ya mkeka, tukala wote, Baba na sisi wanawake. Nafasi yako niliiacha.

Nitafika kidato cha tano, Bibi. Na mdogo wangu atakapoanza sekondari, atalikuta somo hilo bado asubuhi, hata kama itanibidi nisimame tena mbele za watu.

Pumzika sasa. Ndoo yako nitaibeba mimi, baada ya kipindi.

Mjukuu wako.