Habari Niliyoiruka

Jumapili, tarehe kumi na tatu, mwezi wa tisa.
Ni mwaka wa tatu sasa tangu nifunge mzigo nikaondoka, na hii ndiyo barua yangu ya kwanza.

Kwa Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, wewe na Shemeji na wapwa zangu wote. Mimi ni mzima, ukiacha mgongo, ambao siku hizi unaamka baada yangu. Nakuuliza hali yako, hali ya nyumba, hali ya kuku waliobaki. Na Mama nakuuliza hali yake. Hilo la Mama usilijibu haraka. Ndilo lililonifanya nishike kalamu, na nitalifikia, ila sijui kulifikia kwa njia fupi.

Utashangaa kwa nini barua wakati simu ipo. Kwenye simu, Dada, wewe ni hodari kuliko mimi. Nikiuliza jambo usilolitaka, mtandao unasumbua, au mtoto analia, au kuna kitu kinaungua jikoni. Barua haina mtandao. Utaisoma hata ukikasirika, na ukifika mwisho nitakuwa nimekwisha kusema. Mwandiko unisamehe. Shule niliiachia darasa la sita, na mkono huu umezoea koleo.

Basi, habari za huku. Bado tuko kwenye jengo lile lile, na sasa limefika ghorofa ya saba. Nasikia itakuwa hospitali ya wenye uwezo. Mimi nachanganya zege na kupandisha matofali. Tunalala chini kabisa, kwenye chumba ambacho fundi umeme alipokuja kupitisha nyaya alituambia kitakuwa cha kuhifadhia maiti. Tangu siku ile kila mtu anataka kulala karibu na mlango.

Mchana tunakula pamoja chini ya ngazi. Mlinzi wa getini hutuletea gazeti la jana, injinia akishamalizana nalo, na mimi ndiye ninayelisoma kwa sauti. Usidhani nimekuwa msomi. Ni kwamba wenzangu wamesoma kidogo zaidi yangu, na wengine macho yameharibiwa na saruji. Sheria yetu ni moja: anayesoma haoshi sufuria. Wakanibatiza jina la Mtangazaji, na wengi hapa jina langu la nyumbani hawalijui.

Nikwambie ukweli, gazeti lenyewe hawalisikilizi sana. Wanasubiri nilitukane. Nikisoma kwamba uchumi umekua, nawaambia mimi sijauona, labda umekua mpaka ukatupita urefu. Nikisoma kwamba wakubwa wamekaa hotelini siku tatu wakijadili njaa, nauliza walikula nini. Siku moja waliandika kwamba wataalamu wamegundua kutembea kwa miguu ni dawa ya moyo. Nikasema basi sisi tutazikwa na mioyo mipya kabisa, haijatumika hata kidogo. Halafu kuna hawa watu wa siku hizi, mtu amegongwa na gari, wao wanatoa simu wapige picha kwanza. Hao siwafanyii mzaha. Hao nawatukana hivi hivi, na wenzangu huitikia. Yupo fundi wa kuchomelea tunayemwita Mbishi, ambaye hukataa kila habari. Nikisoma kwamba jana ilinyesha, atasema haikunyesha, na shati lake bado bichi.

Aliyekuwa akisikiliza kwelikweli ni mmoja, fundi mwashi wa makamo tunayemwita Mzee Timazi, kwa sababu akisimama mbele ya ukuta anajua umepinda kabla hata ya kushusha uzi wa timazi. Kila nilipofungua gazeti aliuliza swali lile lile kabla sijaanza: je, kwetu wameandikwa? Kwao ni kijiji cha mlimani, safari ya basi ya usiku kucha, na simu haishiki mpaka mtu apande kilimani. Kila siku nilimjibu kwamba hawajaandikwa. Yeye husema afadhali, maana watu wa kwao hawaandikwi gazetini kwa jambo la heri. Halafu anakula.

Wiki tatu zilizopita, siku ya Jumanne, wakaandikwa.

Ilikuwa ukurasa wa nne, habari ndogo, urefu wa kidole, chini ya tangazo la magodoro. Mlima umeporomoka usiku wa mvua ukafunika nyumba za upande wa bonde. Jina la kijiji lilikuwepo. Majina ya watu hayakuwepo, ila idadi tu, na kwamba nguzo za simu zimelala, na kwamba marehemu watazikwa pamoja siku ya Alhamisi. Nilisoma yote hayo kwa macho, mdomo umefungwa. Mzee Timazi alikuwa ameketi mbele yangu na kijiko mkononi, akauliza swali lake.

Nikasema hawajaandikwa. Nikageuza ukurasa, nikasoma mpira.

Dada, asubuhi ile ile alikuwa ametuchekesha wote kwa kutueleza jinsi mkewe alivyomgombeza, eti anajengea watu maghorofa huku jiko lake mwenyewe linavuja, na kwamba akirudi atamlaza humo jikoni aone. Nilimtazama na kile kijiko, nikajiambia aache amalize kula. Alipomaliza kula, alipanda kwenye jukwaa la kujengea, nikajiambia ashuke kwanza, mtu akipewa habari kama hiyo yuko juu anaweza kukanyaga hewa. Aliposhuka alikuwa amechoka. Kesho yake alikuwa na bashasha. Kila saa ilikuja na sababu yake nzuri, na kila sababu ilifanya ile inayofuata iwe ngumu zaidi.

Na sijapata kusoma vizuri kama nilivyosoma siku zile. Nilimchambua golikipa mmoja anayelipwa mshahara wa mtaa mzima na mipira inampita kama anaikaribisha ndani. Watu walishika mbavu. Mzee Timazi alicheka mpaka akapaliwa, nami nikampigapiga mgongoni. Mkono huu ninaoandikia ndio uliompigapiga.

Ijumaa akaja dereva wa lori la mchanga, ambaye ni mtu wa kwao. Alishuka, akavua kofia, akamshika Mzee Timazi mikono yote miwili akampa pole. Nilikuwa hatua chache tu, na ndoo begani. Nikamsikia akiuliza pole ya nini. Yule dereva maskini alidhani anajua. Ikabidi amweleze pale pale, mbele ya lori, kwamba mkewe alikuwa miongoni mwa waliofunikwa, na kwamba wamemzika jana, na watu walimtafuta kwa macho pale kaburini wakashangaa, kwa kuwa habari ilikuwa gazetini tangu Jumatatu. Tulikuwa wengi pale. Mbishi, anayekataa kila kitu, aliangalia chini.

Hakunipiga. Afadhali angenipiga. Alinijia akaniuliza kama niliiona. Nikasema niliiona. Akauliza ni lini, nikamwambia. Akakaa juu ya mifuko ya saruji. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba maisha yake yote amechelewa kwa mwanamke yule, watoto walizaliwa hayupo, paa liling'oka hayupo, na kwamba safari hii moja basi la Jumanne usiku lilikuwepo, nafasi zilikuwepo, lakini mimi nikamkalisha hapa nikamchekesha na golikipa. Nikajaribu kumwambia nilimhurumia. Akasema anajua, wala halaumu huruma yangu. Ila msiba ule ulikuwa wake, na mimi nikautia mfukoni nikatembea nao kama wangu. Akaniuliza nilikuwa naona nini nilipokuwa namtazama akicheka. Aliondoka jioni ile ile, hakumuaga mtu.

Siku hizi gazeti halisomwi. Mlinzi bado analileta, Mbishi anaangalia picha na kubahatisha. Sufuria naosha mimi. Hakuna aliyeniambia nioshe, nami sikuuliza.

Sasa ndipo nafika nilikokuwa nakwenda. Mtu akiosha sufuria, mikono ina kazi lakini kichwa kinakaa bure. Nikawa nakumbuka simu zetu, zako na zangu, na nikaanza kukusikia upya.

Sauti ya Mama sijaisikia tangu kabla ya mvua za huko nyumbani. Kwanza ukaniambia amelala. Ilikuwa saa kumi na moja jioni, na Mama hata akiugua halali kabla hajafungia kuku. Halafu sauti imemkauka. Halafu amekwenda kukaa kidogo kwa mama mdogo, ambaye hawajasemeshana tangu ule ugomvi wa mpaka wa shamba. Haya yote niliyameza. Ukaniambia nisitume tena ile dawa ya miguu, kwamba iliyopo inatosha. Mama yetu tangu azaliwe hajawahi kusema kitu kinatosha, hata chumvi. Hilo nalo nikalimeza.

Lakini mara ya mwisho nilipomuulizia, ukanisimulia paa la jirani lililobebwa na upepo, na jirani mwenyewe akilikimbiza na nguo ya kulalia. Ulisimulia kwa kirefu, ukaigiza na sauti yake, mpaka nikaegemea ukuta kwa kucheka. Nikakata simu nimefurahi, sikukumbuka hata kwamba nilikuwa nimeuliza kitu. Dada, wewe hujawahi kuwa mchekeshaji. Katika nyumba yetu hiyo ni kazi yangu. Ulikuwa unanisomea mpira.

Mama amefariki. Naliandika mimi ili wewe usilazimike kulitamka.

Sitakudanganya, nilikukasirikia siku mbili nzima. Nilichanganya zege kana kwamba imenikosea. Kisha hasira ikaisha yenyewe, maana mimi ndiye mtu pekee duniani asiyeweza kukugombeza. Najua ulivyokuwa umeshika ile simu. Najua uliona nini: mdogo wako ghorofa ya saba, ndoo begani, chini mawe matupu. Ukasema aache ashuke kwanza. Nimepita humo humo. Kitu kimoja tu sikijui, nacho ndicho kinachoniamsha: ulikuwa ukifuta machozi, unapokea simu yangu, unanichekesha, unakata, unarudi kulia. Wewe nani alikuwa anakuchekesha?

Kama nimekosea, mpe Mama simu anitukane. Nitakaa chini hapo hapo nilipo nimsikilize mpaka salio liishe. Lakini kama sikukosea, usinipigie. Ukinyamaza nitakuwa nimejua, na nitashukuru kwamba safari hii hukunificha.

Nimemwambia msimamizi kwamba jengo lake litaisha bila mimi. Alisema wapo wengi getini wanaosubiri nafasi, na ni kweli wapo, nawaona kila asubuhi. Mwisho wa mwezi nachukua changu naondoka. Ukija kunipokea stendi, njoo peke yako. Wapwa wabaki nyumbani, watu wasikusanywe. Kabla ya kuingia ndani unipeleke kwanza kule alikolala, hata kama nimechoka, hata kama mvua inanyesha. Tukishafika, utanieleza mwanzo hadi mwisho. Ilianza vipi, aliumwa wapi, alisema nini, nani alimshika mkono, kama alinitaja. Kama alinitaja kwa ubaya, unieleze hivyo hivyo. Usiruke hata mstari mmoja kwa kunihurumia. Mimi nami nitakueleza ya kwangu, maana yapo mengi ya huku ambayo nilikuwa nikiyaruka kwenye simu ili wewe na yeye mlale.

Nisalimie Shemeji, na umwambie nashukuru kwa kazi aliyoifanya siku ile ya mazishi, ambayo ilikuwa yangu. Wapwa zangu wabusu mmoja mmoja. Jirani mpe pole ya paa lake, kama kweli liliruka. Mama mdogo naye msalimie, ugomvi wa mpaka wa shamba sasa hauna mwenyewe wa upande wetu, uishe.

Mama simtumii salamu humu. Nitampelekea mwenyewe, Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu, kwa basi linaloingia asubuhi.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba