Fidla ya Mzee Sudi

Mama yangu, shikamoo. Joto la Dubai linachoma hata vitasa vya milango, lakini mwanao mzima.

Uliniuliza kazi gani imenileta. Nawahoji wasanii wa kwetu walioko huku, ijulikane wako wangapi na wasaidiweje. Jana, kwenye mkahawa wa chai hapa Muraqqabat, alikuja Mzee Sudi wa Pemba, anayefunga vyuma kwenye majengo. Kavaa shati la pasi, kakumbatia fidla yake ndani ya mkoba. Alidhani nimekuja kumsikiliza akipiga.

Nikamsomea swali: umepiga mbele ya watu mwaka huu? Akacheka kidogo. "Wapi, mwanangu? Chumbani tumo wanane, na wenzangu wanarudi wamechoka." Nikabonyeza hapana. Fomu ikajifunga yenyewe pale pale kwenye simu, ikamshukuru. Kwa hesabu zetu, basi, Mzee Sudi si msanii.

"Khalas, tumemaliza?" akaniuliza. "Na hii sijaifungua?"

Nikamwambia aifungue. Akakaza nyuzi, akaiweka begani, lakini vidole vilivyokakamaa kwa vyuma vikagoma. Akairudisha mkobani taratibu, kisha akaniombea dua nifanikiwe kazini. Mimi, mama, chai yangu sikuimaliza.

Fidla ya marehemu baba bado iko juu ya kabati? Nipangusie vumbi. Halafu nikumbushe, alipiga lini mara ya mwisho? Wageni wote hawa nawauliza, na yeye nilikaa naye nyumba moja nisimuulize.

Nakubusu mikono yote miwili.
Zuwena wako