Meza ya Nane

Jumatatu, Desemba 1

Vyombo vimeoshwa. Nguo zimeanikwa. Hesabu na Kanini kuanzia saa tatu hadi saa tano, kama kila asubuhi tangu nimalize mtihani wa Kidato cha Nne. Milinganyo. Amepata nne kwa ishirini na muda wote alikuwa anapiga ngoma mezani kwa penseli mbili. Mdogo wangu hawezi kunyamaza hata akiwa usingizini.

Mchana Mama alipika chapati. Sikuweza kula. Sasa niandike lile ambalo sijamwambia mtu yeyote.

Ilikuwa Kidato cha Tatu, muhula wa pili, siku ya Jumatano. Shuleni kwetu Jumatano ni siku ya chapati. Bwaloni kila kidato kina meza nane, na kila mwezi tulipangwa upya kulingana na alama. Meza ya kwanza hupakuliwa kwanza. Ya nane hupakuliwa mwisho, na siku ya chapati hiyo ya nane hupata ugali na mchuzi. Kumpa chakula mtu wa meza ya chini ni kosa. Ukishikwa unashuka unakaa naye.

Mimi nilikuwa meza ya kwanza. Cheptoo alikuwa ya nane. Tulikaa dawati moja tangu Kidato cha Kwanza. Alipita na sahani tupu, akainama kama anayefunga kiatu, akasema, "Ndinda, nusu tu."

Nilikuwa na chapati nzima. Nilikuwa nimeshiba. Kiranja alikuwa anatuangalia. Niliinuka, nikaenda kwenye ndoo ya makombo, nikaitupa. Mbele yake.

 Muhula uliofuata hakurudi.

Basi. Nimeandika.

Alhamisi, Desemba 4

Baba ametoka kazini mjini na kijitabu kipya cha shule yangu. Rangi tupu, karatasi ya kung'aa. Ukurasa wa tatu ni mimi. Nimesimama mbele ya maktaba nikiwa nimeshika kitabu ambacho sikuwahi kukisoma. Chini ya picha: "Hapa nilipata familia. Hapa nilijifunza kusema bila woga."

Niliyaandika mimi. Hakuna aliyenilazimisha hasa. Naibu mwalimu mkuu alituita wasichana watatu ofisini, akatupa karatasi, akaketi kutungoja. Niliandika yale ambayo yangenitoa mle ndani haraka.

Kanini alichungulia akasema, "Huyu ni wewe? Mbona umesimama ni kama umemeza hanger?" Nilicheka. Kisha Baba akamwambia, "Mwaitu, Januari na wewe utasimama hapo." Humwita Mwaitu, yaani mama kwa Kikamba, kwa sababu Kanini ni jina la mama yake. Humpenda mno. Ndiyo maana anataka kumpa kilicho bora, na kilicho bora kwake ni mimi.

Kanini anaingia Gredi ya Kumi. Baba amesema kompyuta ya wizara haitamchagulia binti yake shule. Atachagua mwenyewe, na atalipa mwenyewe.



Jumamosi, Desemba 6

Mama ametupeleka kuona shule nyingine, Kileleshwa. Ndogo. Ya kutwa. Zamani ilikuwa nyumba ya mtu, bado kuna bomba la bustani na ngazi za mbao. Ndani ya chumba fulani mtu alikuwa anapiga ngoma halisi. Kanini aliacha kutembea. Alisimama mlangoni dakika tano bila kusema neno. Sijawahi kumwona hivyo.

Baba alibaki nyumbani. Mama alipomweleza, alisema, "Shule isiyo na uwanja ni tuisheni." Kisha akanionyesha kwa kidole. "Huyu hapa mnamwona? Alienda kule akiwa anajificha nyuma ya kochi wageni wakija. Leo yuko kwenye kijitabu."

Bado najificha. Siku hizi najificha jikoni. Hakuna aliyegundua.

Jumanne, Desemba 9

Usaili wa Kanini kwenye shule yangu. Baba alichukua ruhusa kazini, tukaenda sote watatu. 

Kanini alitoka kwenye mtihani akitabasamu. "Jina nimeandika poa sana. Hayo mengine tumwachie Mungu."

Nilishukuru kimoyomoyo. Nilijua ameanguka. Nilidhani mambo yameishia hapo na sitalazimika kufungua mdomo. Nina aibu kwamba niliombea mdogo wangu aanguke, lakini niliomba.

Naibu alinikumbatia mbele ya Baba. Akasema Jumamosi ni siku ya wazazi wapya na angependa mimi, binti wa shule, niwasomee wageni maneno yangu. Mdomo wangu ukajibu wenyewe: "Sawa, Madam."

Alhamisi, Desemba 11

Wamemkubali.

Barua inasema wamempa nafasi "kwa kuzingatia mfano mzuri wa dada yake". Baba aliisoma kwa sauti mara mbili. Fomu irudishwe na sahihi kufikia Jumanne saa sita mchana.

Kanini alinijia chumbani. Akakaa kitandani mwangu. "Kule kuna ngoma?"

"Kuna kwaya."

"Kwaya ni ya kusimama tu." Kisha, polepole: "Ukiwa mbaya kwa hesabu wanakufanya nini?"

Nikasema wanakusaidia. Uongo umetoka bila hata kukwama.

Nimeamua. Jumamosi sitasoma yale ya kijitabu. Nimeandika sentensi nne nyingine kwenye karatasi. Nimeziweka ndani ya Biblia ili nisizipoteze. Kesho ni sikukuu, kila mtu yuko nyumbani. Nitafanya mazoezi bafuni, maji yakiwa yanatiririka.

Jumamosi, Desemba 13

Nimesoma yale ya kijitabu. Neno kwa neno.

Karatasi yangu ilikuwa mfukoni. Niliigusa. Kulikuwa na wazazi labda mia moja, Baba akiwa safu ya mbele, suti ile ya harusi za watu. Simu yake ilikuwa juu, ananirekodi. Nilifungua mdomo na yaliyotoka ni "Hapa nilipata familia." Walipiga makofi. Mama mmoja alijifuta machozi.

Ninajichukia leo. Sina namna nyingine ya kuliandika.

Baadaye walitutembeza bwaloni. Vibao vya namba vilikuwa vimeondolewa. Vitambaa vyeupe kila mahali, maua ya plastiki. Naibu akawaambia wazazi kwamba wasichana hukaa popote wapendapo, kama nyumbani. Alisema akiniangalia. Nikatazama viatu vyangu.

Kulikuwa na mandazi na soda. Kanini alichagua kiti mwenyewe, karibu na dirisha la nyuma, mbali na jikoni. Akaniita kwa mkono nikae naye, mdomo umejaa. Ni meza ya nane. Katika bwalo zima ameenda kuketi pale pale.

Sikwenda. Nilisema nataka choo.

Jumapili, Desemba 14

Kanisani Baba amewaonyesha watu video. Mama Mutua, jirani yetu hapa Mountain View, ameomba kijitabu. Naye ana binti.

Nimetapika baada ya chai. Mama amenishika paji la uso akasema sina homa.

Jumatatu, Desemba 15

Mama ni muuguzi katika hospitali kubwa kule Upper Hill. Leo nimempelekea chakula cha mchana. Hakuniagiza. Nilipika wali na ndengu, nikafunga kwenye kopo, nikaenda kabla sijabadilisha nia.

Nilimngoja kwenye benchi nje ya kliniki. Watu wengi, kila mmoja na bahasha yake kubwa ya eksirei. Nilijiambia kwamba akitoka akiwa na haraka nitampa kopo na kurudi nyumbani. Alitoka bila haraka. Aliketi akavua viatu.

Nilisema nikitazama ukuta. Meza nane. Alama. Chapati. Ndoo. Cheptoo. Mihula mitano niliyosoma kwa hofu ya kushuka, sio kwa akili. Kijitabu. Yote. Nadhani sijawahi kusema maneno mengi hivyo mfululizo maishani mwangu.

Mama aliuliza maswali anayowauliza wagonjwa. Ilianza lini. Ilikuwa kila siku. Nani mwingine anajua. Kisha akauliza, "Uliitupa akiwa anakuona?"

"Ndiyo."

"Mimi ndiye nilikulea hivyo?"

 Alivaa viatu. Nilingoja anikumbatie na hakunikumbatia. Akasema, "Jioni utamwambia baba yako. Mimi sitakusemea."

Akarudi kazini. Kopo hakulifungua.

Jioni, baada ya taarifa ya habari. Fomu ilikuwa mezani na kalamu juu yake. Mama alizima televisheni akaniangalia. Nikasema tena. Mara ya pili ni ngumu zaidi kwa sababu unajua kinachokuja.

Baba hakukasirika. Laiti angekasirika. Alisema kwa upole, "Ndinda, hata maisha yana meza. Mimi pia ofisini kuna walio juu yangu. Hofu hiyo ndiyo iliyokufikisha ukurasa wa tatu."

Mama akauliza, "Na huyu angekaa meza gani?"

 Kanini alikuwa sakafuni, ameegemea kochi. Tulikuwa tumesahau kwamba anasikia.

"Ya nane, Baba," akasema. "Hata ya tisa kama iko."

Hakuna aliyecheka. Akanigeukia. Hakuwa anatania tena.

"Mimi ungenipea?"

Nilijua jibu. Ni neno moja. Lakini niliona ndoo, nikaona kiranja, na nikaanza kufikiria kweli kama ningeinuka au ningekaa. Nikachelewa. Labda sekunde tatu. Niliposema "Ningekupa," nafasi ilikuwa imepita.

Kanini alitazama chini. Baba hakuwa anamtazama Kanini. Alikuwa ananitazama mimi, kama mtu aliyeshikishwa kitu kizito bila kuonywa.

Akainuka, akasema anaenda kuangalia kama maji yamejaa kwenye tangi. Alikaa huko nje muda mrefu sana kwa tangi moja.

Kanini amelala amenipa mgongo. Hapigi ngoma kwa chochote.

Jumanne, Desemba 16

Asubuhi fomu ilikuwa bado mezani. Haina sahihi.

Baba alituambia tuingie kwenye gari, mimi na Kanini. Hakusema tunaenda wapi. Kwangu alisema maneno matatu tu: "Funga mlango vizuri." Tulipopinda kuelekea Kileleshwa, Kanini aliniminya kidole. Ndilo jambo la kwanza alilonifanyia tangu jana.

Mwalimu mkuu, mama mfupi mwenye miwani kifuani, alitaka kuanza na madarasa. Baba akasema, "Samahani, mwalimu. Tuanze na jikoni."

Jikoni kulikuwa na mpishi mmoja akisugua sufuria, maana shule imefungwa. Baba alimsalimu, akamuuliza habari za kazi, kisha akauliza, "Hapa anayepakuliwa kwanza ni nani?"

Mpishi alimwangalia kama ameulizwa swali la mtego. "Anayefika kwanza, mzee."

"Na wa mwisho?"

"Wa mwisho ni mimi."

Baba aliuliza vipi chakula kikiisha kabla ya foleni kwisha. Mpishi akasema hakijaisha tangu afike, lakini kikiisha atachemsha mayai, na wasichana watanuna, na watakula. Baba akaitikia kwa kichwa. Akauliza pia kuhusu hesabu, na uwanja, ambao kweli haupo. Wanafunzi hutembea hadi uwanja wa jirani mara mbili kwa wiki. Hilo halikumpendeza, akasema waziwazi halimpendezi.

Saa sita ilipita tukiwa bado pale. Nilitazama saa ya ukutani ikipita.

Kwenye gari Baba alimpigia Mama Mutua. Akamwambia kijitabu alichompa asikitumie mpaka waongee, kuna mambo. Sauti yake ilikuwa ya mtu mwenye aibu. Aibu hiyo nimemletea mimi.

Jumatano, Desemba 24

Baba bado haongei nami sana. Ananijibu. Ananiomba chumvi mezani. Mama anasema nimpe muda, alikuwa amejenga nyumba nzima juu ya picha ile.

Kanini ameanza hesabu tena, kwa hiari yake. Leo saba kwa ishirini. Aliandika saba kubwa ukurasa mzima.

Nilimwomba msamaha kwa zile sekunde tatu. Akasema, "Angalau hukudanganya." Kisha akasema bado imemuuma. Yote mawili kwa pumzi moja.

Jumatatu, Januari 12

Kanini ameanza shule. Sketi ya kijivu, ndefu kidogo, Mama amesema atakua. Mimi ndiye niliyempeleka. Hakutaka nimshike mkono. Aliingia langoni anaongea na msichana asiyemjua hata jina.

Amerudi saa kumi na nusu na hajanyamaza tangu hapo. Mwalimu wa muziki ana jino la dhahabu. Hesabu ni ngumu kama kawaida. Kuna msichana anayeitwa Simran ambaye amemfundisha kuhesabu mpaka kumi kwa Kipunjabi. Chakula kilikuwa githeri. Baba alisikiliza yote, gazeti limefunguliwa na halisomwi. Mwishoni akaniuliza mimi, sio Kanini, kama njiani kulikuwa na msongamano. Nikasema kidogo. Akasema kesho tutoke mapema.

Sikumwambia kwamba baada ya Kanini kuingia sikurudi nyumbani. Niliketi kwenye ukingo wa barabara ng'ambo ya lango mpaka saa nane, chakula cha mchana kilipokwisha. Nilikuwa nasikiliza. Askari wa lango alivuka kuniuliza kama nimepoteza kitu. Nikasema hapana. Akaniletea kiti cha plastiki, akarudi zamu yake.

Kilichosikika ni vijiko na kelele za wasichana.

Hili lisitoke hapa. Kanini akijua kwamba nilimlinda kama mtoto wa chekechea, atanicheka hadi Pasaka.