Kama Ulivyoingia Jumanne

Jumanne, 7 Agosti 2018

Wamepiga! Ile hoteli kubwa ya kando ya mto hapa Savannah – wamepiga wenyewe, nikiwa bado na kijiko cha uji mkononi. Bi Whitcomb, meneja wa mapokezi. Anasema usaili wa simu nimeufaulu vizuri mno. Sauti yangu inamtuliza mtu, na wageni wanaofika wamechoka na safari wanahitaji sauti kama hiyo. Niende Jumanne ijayo tuonane ana kwa ana.

Ana kwa ana. Hapo nikaweka kijiko chini.

Miaka tisa nimekuwa sauti tu. Kile kituo cha kupokea simu za wateja kilitujaza kwenye vibanda na hakuna mteja aliyewahi kujua nina nini kichwani. Ningeweza kuvaa sufuria. Mwezi wa tano wakakifunga, na mimi na binti yangu Nyla tukahamia chumba cha nyuma kwa Shangazi Earline. Kazi hii ina bima ya afya. Ina zamu za mchana, nitakuwa nyumbani Nyla akitoka shule. Naitaka. Wacha niseme wazi humu ambamo hakuna anayesoma: naitaka mpaka inauma.

Jioni nimemwambia Shangazi. Hakuuliza mshahara, hakuuliza zamu. Aliacha samaki kwenye mafuta akanitazama juu kidogo ya macho.

"Na hicho kichwa?"

Alhamisi, 9 Agosti

Nimekwenda kuchungulia. Nimejifanya nasubiri mtu pale ukumbini. Nyuma ya kaunta wanawake watatu, mmoja mweusi wa kwetu, binti mdogo, nywele zimemnyooka mpaka mabegani. Alipogeuza shingo ndipo nikaona ni wigi. Zuri, la bei, lakini wigi. Tukatazamana. Akakitazama kichwa changu, nywele zimesimama zenyewe, akashusha macho haraka, utadhani amenikuta sijavaa.

Halafu mlinzi. Mtu mzima, mweusi kunizidi! "Dada, wanaoomba kazi za usafi wanaingilia mlango wa nyuma." Nikamwambia naomba ya mapokezi. Akacheka kidogo, bila ubaya. "Basi kila la heri, dada." Nimetoka pale nimekunja ngumi mpaka kwenye gari, na sijui hata nilitaka kumpiga nani.

Jumamosi, 11 Agosti

Tumegombana na Shangazi, tena sana. Alianza taratibu, kama anavyoanza siku zote, anachambua majani ya sukuma. Kwamba kitana chake cha moto kipo. Kwamba anapasi nywele za nusu ya akina mama wa kanisani kila Pasaka, na zangu hazitamshinda.

Nikamwambia hatuchomi nywele tena, mimi na Nyla. Anajua. Alikuwepo! Nyla akiwa na miaka saba alirudi shule analia, wenzake wamemwambia ana sufi ya chuma ya kusugulia sufuria. Akataka atiwe dawa zinyooke. Nikamwambia nywele zako nzuri, mwanangu, zinavyoota ndivyo zilivyo nzuri. Akanitazama. "Mbona zako huzitaki?" Zangu wakati huo zilikuwa na dawa, zimelala, na utosi una kidonda. Siku ile ile nikachukua mkasi nikakata zote zenye dawa, yeye ameketi pale anatazama. Nilibaki karibu kipara. Sasa zimejaa, duara zima, za kipilipili hasa, nzito. Kila Jumapili tunaoshana, mimi zake, yeye zangu.

Shangazi: "Mimi nimefanya kazi benki miaka thelathini. Hakuna mzungu aliyepata sababu ya kunitoa. Kila Jumamosi nilipasi."

"Ulipenda?"

"Nani alikuuliza habari za kupenda? Nilikuwa nakula!"

Kisha akalainika. Akanishika mkono na vidole vyake vya majimaji. "Siku moja tu, Shavonne. Zikilowa si zinarudi? Ingia kwanza. Hicho kichwa chako utakileta baadaye, wakishakuzoea."

Na mimi, kwa kuchoka – au kwa woga, niuite kwa jina lake – nikasema, "Haya."

Jumatatu, 13 Agosti

Nilipanga tumalize kabla Nyla hajarudi. Shangazi na simu za watu wa kanisa! Tukaanza tumechelewa.

Nilikuwa nimesahau ile harufu. Kitana juu ya jiko, mafuta yanalia ukipitisha, na Shangazi nyuma yangu: "Shika sikio." Unalikunja sikio mbele, unalibana kwa vidole, unaacha kupumua. Nina miaka thelathini na tatu na nilibana sikio na kuacha kupumua kama niko darasa la pili. Akaniunguza kidogo hata hivyo. "Ni joto tu hilo," akasema. Ndivyo wanavyosema wote, tangu enzi na enzi.

Upande mmoja ulikuwa umeshalala, upande mwingine umesimama, ndipo mlango wa jikoni ukafunguka. Nyla na begi lake. Alisimama. Alinusa. Akapita kwenda chumbani.

Nikamfuata na kichwa changu nusu nusu. Nikamweleza: ni kwa ajili ya kazi, ni siku moja. Akaitikia kwa kichwa, mpole, kama mtu mzima anayeelezwa jambo analolijua.

Wakati wa chakula, wali mwekundu na soseji anazozipenda, hakugusa. Akauliza, bila kuinua uso:

"Mimi lini?"

"Wewe lini nini?"

"Zamu yangu. Jumatatu ijayo tunapigwa picha shuleni."

Shangazi akaangalia dirishani. Mimi nilimwambia ale.

Jumanne, 14 Agosti

Naandika kwenye gari, bado niko kwenye maegesho ya hoteli. Jasho linanitoka na siwashi injini.

Ilianza vizuri. Vizuri mno! Bi Whitcomb ni mama wa kizungu wa makamo, mwembamba, mwepesi wa kucheka. Aliponiona alishusha pumzi. Niliisikia. "Unapendeza, Shavonne! Nadhifu. Ndivyo tunavyopenda pale mbele." Tukaongea kama tunaofahamiana. Nikamsimulia yule bwana aliyepiga akilia kwamba amepoteza tiketi ya kwenda kumzika mama yake, na jinsi nilivyokaa naye kwenye simu mpaka akapanda ndege. Macho yakamlowa. Akasema pale pale: kwake yeye kazi ni yangu, wiki ijayo nianze. Twende nikaone mazingira, tukirudi tunapiga picha ya beji. Kamera ilikuwa mezani, juu ya kistendi chake. Moyo wangu ukaanza kupanga zamu.

Mazingira! Savannah, mwezi wa nane, katikati ya joto!

Kwanza ua wa bwawa la kuogelea, hewa nzito kama blanketi bichi. Nywele zikastahimili. Halafu jikoni. Zikastahimili. Halafu akafungua mlango wa chumba cha kufulia, na mvuke ukatupokea. Zile mashine kubwa za kupiga pasi mashuka, mvuke mpaka darini. Ningesema naomba nisubiri hapa nje. Mwanamke yeyote wa kwetu aliyetoka kupasiwa jana angesema. Shangazi angejifanya amezimia! Mimi nikaingia. Tena nikauliza maswali, kuhusu taulo, kuhusu mito, ili aone nina moyo wa kazi. Mjinga mimi.

Nilizisikia kabla ya kuziona. Zilianza pale nyuma ya shingo, ambako huwa hazikubali kutawaliwa hata siku nzuri. Zikakaza. Kisha pembeni mwa uso. Kisha juu, zinainuka kama unga ulioumuka. Wanawake wa pale, karibu wote wa kwetu, wakaacha kukunja mashuka. Mmoja mwenye kitambaa kichwani akaninong'oneza nilipopita: "Pole, mpenzi." Basi.

Bi Whitcomb alikuwa anaeleza habari za mashuka. Akageuka. Sentensi ikamkatikia. Macho yakapanda, yakakaa kule juu, yakashuka, yakapanda tena.

"Loh. Ni... ndivyo zilivyo?"

"Ni mvuke," nikasema, nikacheka. Nilicheka! Kwa nini nilicheka?

"Lakini zitarudi?"

Zimesharudi, mama. Hapa ndipo kwao. Sikusema. Nilisema, "Ndiyo, bila shaka."

Kurudi ofisini alitangulia kwa haraka. Alipoketi aliiondoa kamera mezani, polepole, akaitia kwenye droo. Picha tutapiga siku nyingine, akasema. Atanipigia.

Kwenye kioo cha gari najiona. Upande mmoja umelala kidogo, uliobaki umesimama wote. Ukweli? Kwa dakika moja nilizichukia. Nywele zangu mwenyewe! Halafu nikamkumbuka Nyla.

Jumatano, 15 Agosti

Kimya. Nimeiweka simu karibu mpaka bafuni.

Alhamisi, 16 Agosti

Amepiga. Kila mtu amenipenda, anasema. Kazi ni yangu. Kuna jambo dogo tu.

Sauti yake nayo inamtuliza mtu, lazima nikubali. Pale mbele, anasema, ni uso wa hoteli. Hawana ubaya na mtu yeyote. Wanataka tu mwonekano usiovuta macho. Niende Jumatatu asubuhi kwa picha ya beji na kuanza mafunzo. "Uje kama ulivyoingia Jumanne," akasema. "Si kama ulivyotoka."

Nikauliza: siku ya picha tu?

Siku zote za kazi, mpenzi.

Na ile sauti yangu ya miaka tisa ikajibu yenyewe, mimi sijaiagiza: "Nimeelewa. Asante sana kwa kupiga."

Nimemwambia Shangazi neno kwa neno. Nilidhani atapiga makofi. Alikaa. Akaliondoa gamba la mmoja wa kamba wa baharini aliokuwa anawamenya, akaliangalia, akaliweka.

"Kama ulivyoingia," akarudia. "Mimi hawakuwahi kuniambia. Nilijiambia mwenyewe, kabla hawajasema."

Sijawahi kumwona na uso ule. Nilitaka kumkumbatia na nilikuwa na hasira naye, vyote kwa pamoja, kwa hiyo nikaosha vyombo.

Ijumaa, 17 Agosti

Nimempigia Corliss, tuliyesoma naye, ambaye sasa yuko kwenye ofisi ya wakili. Anasema nisijisumbue. Huku kusini mwa Marekani majaji wameshaona nywele ni mtindo tu, kitu unachoweza kubadilisha, si kama ngozi. "Wakikukataa kwa rangi, tutawashinda," akasema. "Wakikukataa kwa nywele, watasema ungechana." Akacheka, nikacheka. Hatukuwa na furaha.

Anauliza nitafanyaje. Nikasema sijui. Naye kichwani ana wigi la kazini. Kila mara linamwasha, ananiambia, analipigapiga kwa kalamu.

Jumapili, 19 Agosti

Kanisani Shangazi hakumwambia mtu habari za kazi yangu. Yeye! Ambaye angetangaza hata jino langu likitoka!

Jioni tumeoshana, mimi na Nyla, kama kawaida. Kuosha ni lazima kwa vyovyote. Hata kitana cha moto kinataka nywele safi, kavu. Kwa hiyo nimeosha bila kuamua chochote. Nilizisuka mabutu mabutu, zangu na zake, zikauke. Zake laini, zinanata vidoleni, zina harufu ya nazi. Nikamwambia kesho kwenye picha tuziachie, tuweke na ua, lile la njano. Akageuka akanitazama nywele.

"Wewe kesho utaziachia?"

Nikasema bado nafikiria.

"Na mimi bado nafikiria," akasema.

Hana hata dharau mtoto huyu. Angekuwa na dharau ningemgombeza, ningepata ahueni.

Jumatatu, 20 Agosti

Asubuhi. Jikoni. Sare ya shule iko begani mwa kiti, na ile suti yangu ya bluu iko begani mwa kiti kingine. Nimekaa mezani na chai. Mabutu yamekauka.

Nimeamka nimekuta Shangazi ameshawasha jiko. Kitana kiko motoni. Hakuniuliza, nami sikumwambia akiondoe. Kopo la mafuta liko wazi, taulo kuukuu liko tayari mkononi mwake. Macho yake mekundu. Anasema la kesho nitalijua kesho, sasa hivi nifanye la sasa. Halafu anasema hapana, usinisikilize, mimi mzee. Halafu anakijaribu kitana kwenye karatasi, karatasi inageuka kahawia, anakirudisha.

Bi Whitcomb ananisubiri saa tatu. Mpiga picha wa shule naye saa tatu.

Nyla ameingia sasa hivi. Amefumua mabutu mwenyewe, zimesimama kichwa kizima, jua la dirishani linapita katikati. Hajaleta ua. Amekokota kile kigoda cha chini ya sinki, amekiweka mbele ya jiko, pale pale nilipokaa mimi Jumatatu iliyopita. Amekaa.

"Nani anaanza?" anauliza Shangazi. Ananiuliza mimi.

Nyla hajageuka. Amenyoosha mgongo. Ameshalikunja sikio lake mbele, amelibana kwa vidole viwili, na ameacha kupumua. Sikumfundisha mimi. Alisimama tu mlangoni siku ile.

Nimewaambia wangoje nimalize kuandika.

Naandika polepole.