Resi Mbili Getini

Kaka yangu,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Hujambo wewe? Wifi hajambo? Na watoto, ambao mimi nawajua kwa picha tu, wanaendeleaje na masomo? Sisi huku tunasukuma siku. Mgongo wangu unanisumbua kila nikiinama kuchomelea, na macho ya mama sasa hayaoni kabisa, hata mwanga wa dirisha hautambui. Mengine ni ya kawaida.

Ningekupigia simu, lakini simu yako inaita mpaka inachoka yenyewe. Ndiyo maana barua hii nimempa dereva wa lori la mbao, mtu mzima na mwaminifu, nikamwambia akukabidhi mkononi na asiondoke mpaka aone umeifungua. Usimkasirikie. Nimemtuma mimi, na wewe unajua nikitaka jambo navyokuwa.

Nianze na habari ya mama. Baada ya kuanguka bafuni, alipona nyonga lakini akaacha kula. Si kwamba alikataa kwa maneno. Alikuwa anapokea sahani, anashukuru, anaigusagusa, halafu nairudisha jikoni kama nilivyoileta. Nikapika laini, nikapika ngumu, nikapunguza chumvi, nikaongeza. Muuguzi wa zahanati akaja kumpima, akasema mwili hauna kitu, mgonjwa ana jambo moyoni. Nilipotoka nje kumsindikiza ndipo akaniambia kwamba mama amemwambia atakula mwanawe akija. Amemwambia muuguzi, mtu wa kupita. Mimi ninayelala chumba cha pili hakuniambia.

Tangu hapo nikaanza kumwangalia. Kila pikipiki ikipita barabarani anainua kichwa. Inapopita moja kwa moja, anakishusha. Basi ni kazi hiyo kutwa nzima, kuinua na kushusha, na mtaa wetu sasa umejaa pikipiki kuliko kuku. Nilikuwa nasimama mlangoni mwa karakana na mashine mkononi, natamani kulia, halafu nakasirika, halafu narudi kwenye mageti ya watu.

Unaikumbuka ekzosi ya pikipiki yako? Bila shaka unaikumbuka, ulivyojidai nayo. Ulimtesa marehemu baba wiki nzima ukimwomba ule mtungi mtupu wa kuzimia moto, ukaukata, ukauvalisha bomba ndani, na kwa haraka zako ukalichomelea bomba likiwa limelala upande. Na pale linapoungana na injini ukaacha upenyo, moshi ukawa unavujia pale. Baba alikuambia ubomoe uanze upya, kwamba hiyo si ekzosi, ni kifua kikuu. Wewe ukacheka ukaiwasha. Ikawa na ule mngurumo wa kukoroma, na ukiachia mafuta inapiga vile vishindo vitatu vinne kama mtu anayebisha hodi. Mama akaipenda. Alikuwa akisema hata awe usingizini anajua mwanawe yuko kona ya duka, na alikuwa anafungua komeo la geti kabla hujafika.

Na wewe hukuwa mtu wa kuaga. Ulikuwa unasimama getini injini ikiwaka, mama anakuuliza kama utarudi kula, kama utapitia dawa, kama utamkumbuka shangazi, na wewe unapiga resi mbili fupi. Hiyo ndiyo ilikuwa ndiyo yako. Halafu unaondoka, na nusu ya hayo uliyoitikia nilikuwa nayafanya mimi.

Nikaamua kuitengeneza. Najua uliiuza pamoja na pikipiki ulipopata gari, kwa hiyo sikuwa na cha kuigiza ila masikio yangu. Pikipiki yangu ya kubebea vyuma ina injini ya aina ileile, nikasema hiyo itatosha. Mtungi nikaupata kwa mzee wa vyuma chakavu. Kona ya bomba nikaikunja nyumbani, palepale uani, kwa mchanga, kama alivyotufundisha baba: unajaza bomba mchanga, unaziba ncha zote mbili kwa vigingi vya mti, unalichoma moto mpaka liwe jekundu, ndipo linakunjika bila kubonyea. Ila baba alikuwa anaukaanga mchanga kwanza kwenye kikaango, unakauka kabisa. Mimi nilikuwa na pupa, na mvua ilikuwa imenyesha. Unyevu ukageuka mvuke ndani, kigingi kikafyatuka, kikaruka juu ya ukuta kikatoboa ndoo ya jirani yetu mwalimu mstaafu. Ningekuwa nimesimama mbele yake, leo ungekuwa unaandikiwa na mtu mwingine.

Mama alisikia ule mlipuko akauliza ni nini, nikamweleza. Akasema kaka yako angeukausha mchanga kwanza. Kaka yangu, wewe! Wewe ambaye hata nguo zako ulikuwa unavaa zikiwa mbichi! Nikaenda kuukaanga mchanga.

Ya kwanza ilitoka safi. Nisijisifu, lakini mshono wake ungeupitisha kidole usiuhisi. Nikazunguka nyuma ya nyumba za mtaa, nikaja kwa kona ya duka, nikapita mbele ya geti. Mama hakuinua hata kichwa. Nilipoingia ndani akasema kuna mgeni amepita, mtu mstaarabu.

Nikaifungua, nikaongeza matundu kwenye bomba la ndani kwa keekee, nikatoa ile pamba ya chuma niliyoijaza kuzunguka bomba ili kupoza sauti. Nilipoiwasha, mwalimu mstaafu alitokea ukutani akiwa bado na ndoo yake iliyotoboka, akanihutubia kuhusu haki ya raia kupumzika. Na mama akasema wale wa lori la kokoto wamekuja, niwafungulie.

Nikakaa chini kando ya karatasi zangu za msasa, nimechoka roho. Ndipo nikakumbuka maneno ya baba kuhusu kifua kikuu, na nikaelewa nilikokuwa nakosea. Nilikuwa nakosea kwa kutokukosea. Nilikuwa natengeneza ekzosi yangu mimi, na mama alikuwa anasubiri yako. Basi nikaukata mshono wangu mzuri, nikalilaza bomba upande kama ulivyolilaza wewe, likagusa mtungi. Na pale kwenye injini nikaacha upenyo. Hapo mkono ulinigomea. Mimi kazi yangu ni kuziba, watu wananilipa nizibe, na mteja wangu mmoja, ninayemtengenezea mageti ya shule, hunisifia hilo hilo. Kuacha tundu kwa makusudi ilikuwa kama kutia mchanga kwenye mboga ninayoipika mwenyewe. Nikajilazimisha. Nikajifunza kuwa mzembe kama wewe, na nakuambia si rahisi, inataka kipaji.

Nikavaa koti lako lile la mfuko uliochanika, nikavaa helmeti na glavu, nikazunguka. Nilipofika kona ya duka nikaachia mafuta, vile vishindo vikapiga. Nikainua macho. Geti lilikuwa linafunguka.

Alikuwa ametembea peke yake, mkono ukutani, mwanamke ambaye kwenda msalani mimi humshika viwiko vyote. Alisimama pale uso umemng'aa, akaniita baba, akaniuliza baba umekuja. Sauti yangu ingenifichua. Nikaiacha injini iwake. Akanishika mkono wa koti, akaupapasa mpaka kwenye ule mfuko, akacheka kwamba mpaka leo hujapata wa kukushonea. Akasema nimekonda. Nikapiga resi mbili nikaondoka. Nilizima pikipiki nyuma ya nyumba ya mwalimu, nikaisukuma, nikaingilia mlango wa jikoni nikinawa mikono kama mtu aliyekuwa kazini. Akaniambia kaka yako amepita, ana haraka, leteni chakula. Akasema leteni, kama vile tuko kumi. Akala akamaliza, akaomba kingine.

Tangu siku ile nikawa napita kila nikiona sahani inaanza kurudi na kitu. Unaweza kucheka, hata mimi nilicheka. Nilijiona mjanja. Mama akanenepa mashavu. Akawa anaoga bila kubembelezwa, anachana nywele, anauliza kama koti lako limefuliwa. Na kila mara sifa zikawa zako. Kaka yako hanisahau. Kaka yako pamoja na kazi zote zile. Nilikuwa nasikia hayo huku nakata kucha za miguu yake, na nilijiambia haidhuru, muradi anakula. Lakini ilinidhuru, kaka. Nilikuwa nalala nimeng'ata meno.

Sasa nisikilize vizuri, maana yote hayo nimeyaandika ili nifike hapa.

Jumanne nilipita kama kawaida. Mama alikuwa ameshafika getini, ananisubiri. Safari hii hakunigusa mkono. Alinivuta helmeti akaweka mdomo karibu na sikio, akaongea haraka haraka kama mtu anayeogopa kukatizwa. Akasema nimwondoe kwenye nyumba hii. Akasema mdogo wako hanipigi, hanitukani, hanipunji chakula, sina la kumshtaki mbele ya watu. Lakini mkono wake umekuwa mzito. Ananivua nguo kama anayekwangua kutu. Anaweka sahani mezani, nasikia tu kishindo, halafu kimya. Akasema hajui mara ya mwisho mimi wa karakana kumwita mama ilikuwa lini. Akasema akisikia mashine yangu imezimwa na viatu vyangu vinakuja, moyo unamwenda mbio. Akasema anajua mimi nimechoka naye na ni haki yangu kuchoka, ila hataki kufia mikononi mwa mtu aliyechoka. Halafu akaniomba, mimi niliyevaa koti lako, nije Jumapili na gari, kwa kuwa miguu yake haiwezi pikipiki. Akauliza, utakuja, baba? Nichukue, baba.

Nilisimama pale ndani ya koti lako. Machozi yalikuwa yanaingia mdomoni na sikuweza kuinua mkono kuyafuta, maana angejua. Nilitaka kuvua ile helmeti nimwambie ni mimi, ni huyo mwenye mkono mzito ndiye aliyekuzulia mwana ili ule. Sikuvua. Akarudia kuuliza. Na mkono wangu ukapiga resi mbili.

Sitajitetea. Nimejaribu kujiambia kwamba amenionea, lakini jioni ile nilipomwekea sahani nilisikia mwenyewe kile kishindo. Ni kweli, kaka. Nimekuwa namshika kama kazi. Sijui ilianza lini. Nilikuwa nadhani uchungu wangu nimeuelekeza kwako huko mbali, kumbe ulikuwa unapita mikononi na kumfikia yeye, aliye karibu. Nampenda mama yangu, na ananiogopa. Hilo sikujua kama linawezekana ndani ya nyumba moja.

Nguo zake ameshazifunga kwenye shuka, amezificha chini ya kitanda. Anadhani sijaona. Na tangu Jumanne amekuwa mpole kwangu ajabu. Jana alisifu chakula changu. Leo asubuhi alinishika shavu akasema nijitunze mgongo. Ndivyo mtu anavyommwagia wema yule anayemwacha, na mimi nimeupokea wote, sikubakisha.

Ile ekzosi nimeikata vipande viwili kwa mashine, nikiitazama cheche kwa cheche, ili nisije nikakupitisha tena getini hata nikishikwa na tamaa. Kwa hiyo Jumapili asipokusikia wewe, hatasikia mtu. Na usinitumie ujumbe kwamba nimweleze umepata dharura. Wewe ulitufundisha resi mbili tu, za hapana hukutufundisha.

Ukija kwa gari hatakujua, magari hayajui. Shuka kwenye kona ya duka uite kwa sauti, atakuwa ameshafika getini. Mimi nitakuwa karakana na mashine imewashwa, usihangaike kunitafuta. Dawa ya macho ni asubuhi na jioni, haitibu tena, inampunguzia maumivu tu, na dirisha liwe limefungwa. Halalii upande wa nyonga iliyoumia. Kabla hujamgusa kumwogesha, pasha mikono yako kwanza kwa maji ya moto, anashtuka sana na baridi. Hilo nilikuwa nalifanya kila siku. Sijui kama alipata kulihisi.

Msalimie wifi, wabusu watoto, waambie wana shangazi. Mungu akufikishe salama.

Ni mimi mdogo wako,
wa karakana.